Mshikio wa Kushoto

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Pokea salamu zangu, na nyingine nyingi zaidi za Mama, ambaye ameketi nyuma yangu akijifanya anachambua maharage huku akinyoosha shingo aone ninaandika nini. Hatujambo. Goti linamsumbua asubuhi kukiwa na baridi, lakini ulimi hauna goti, kwa hiyo hatujakosa la kusikia. Mimi mwenyewe mzima, ila macho sasa yanaomba miwani kila ninapotunga uzi kwenye sindano.

Wewe je, hujambo? Wifi yangu je, na watoto? Picha yao tumeipokea na Mama ameibandika kwenye kioo, hata hatujioni tena nyuso. Yule wa kati amechukua masikio ya Baba yote mawili. Usimwambie bado, mwache akue kwanza.

Utajiuliza barua ya nini wakati simu ipo. Kwenye simu wewe husema, "Niko juu ya nguzo, Dada, nitakupigia," na kupiga kwako nakujua. Haya ya leo ni marefu, nayo nimeyakalia miaka ishirini na sita. Shuka chini kwenye nguzo, ukae.

Kwanza nikupe taarifa ya msiba mdogo: Kombo limevunjika. Nasema sinia letu la chai, lile la mbao alilotengeneza Baba kabla hatujazaliwa. Unaukumbuka mshikio wake wa kushoto uliotufanya tuliite hivyo. Wa kulia ulinyooka sambamba na ukingo, kama inavyotakiwa. Wa kushoto ulikaa mshazari, ncha moja imeingia ndani kugombea nafasi na vikombe, nyingine imetokeza nje kukwaruza milango. Seremala mzima, aliyetengeneza madawati ya shule na milango ya nusu ya mtaa, halafu sinia la kwake limekwenda upande. Wageni walikuwa wakisema mganga hajigangi, na Baba alicheka pamoja nao.

Mvua za mwaka huu zilipata tundu kwenye bati la jikoni, maji yakawa yanadondokea kabatini bila sisi kujua. Siku Mama alipolitoa sinia, sehemu ya chini ilibaki kabatini, yeye akabaki ameshika fremu tupu.

Tangu hapo akaacha kupeleka chai sebuleni. Nilimnunulia sinia la plastiki lenye maua, hakuligusa. Wageni wakija ananiita mimi, naye anakaa kitini na mikono mapajani, akingoja kuhudumiwa kama mgeni nyumbani kwake. Unajua alivyokuwa akiingia na birika, mgongo umenyooka, vikombe havilii hata kidogo. Nilimwona anazeeka kwa ajili ya sinia, nikaona sivyo. Nikaamua kumtengenezea jingine, la mbao, lenye nakshi na vanishi, kwa mikono yangu mwenyewe.

Cheka umalize, kisha uendelee kusoma.

Mbao nilizitoa kwenye kitanda chetu cha utotoni. Kilikuwa bado karakanani, kimesimamishwa ukutani kwa ubavu. Nilipopangusa vumbi nikakukumbuka ulivyokuwa ukinipiga teke la kidevu tulipolala mzungu wa nne, asubuhi ukiapa kwamba miguu ilikwenda yenyewe. Na ubavuni, upande wako, yupo bado yule samaki uliyemchora kwa msumari ulipokuwa na surua. Ana miguu minne. Ulisema anakwenda sokoni. Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao nikacheka peke yangu, halafu nikalia kidogo, halafu nikafungua sanduku la Baba.

Kila kifaa kilikuwa mahali pake: randa, patasi, msumeno uliofungwa kwenye gunia. Harufu ya gundi na jasho lake haijatoka. Nilichukua msumeno na siku ya kwanza nikafanya kosa ambalo ni mshonaji tu anayeweza kulifanya. Nilikata vile vipande vinne vya ukingo na kuacha sentimita mbili za pindo kila upande, kama ninavyofanya kwenye kitambaa. Mbao haina pindo, mdogo wangu. Vipande vilipokutana vikapandana, na Fundi Viatu wa nyumba ya pili, aliyekuja kuniazimisha jiliwa la kubania, akavitazama kwa muda mrefu.

"Sasa hapa utapiga pasi?" akaniuliza.

Nikakata upya. Jiliwa nikalifungua kabla gundi haijakauka, haraka yangu ile ile, ukingo ukadondoka. Nikabana tena, nikangoja siku mbili nzima nimekunja mikono. Kisha nikachora kwa chaki ya kushonea mshono wa mnyororo kuzunguka ukingo wote, nikauchonga kwa patasi ndogo, kitanzi kwa kitanzi. Mahali pengine mnyororo umenenepa, pengine umekonda, lakini haukukatika. Msasa, vanishi, msasa tena, vanishi tena. Kwenye kona moja kuna alama ya kidole changu, kwa sababu sikuvumilia kujaribu kama imekauka. Usione vyaelea, vimeundwa.

Ikabaki mishikio. Hii niliipima mara nne kwa futi yangu, kulia na kushoto, nikaifunga ikanyooka pande zote mbili kama mistari ya daftari. Na wakati nakaza skrubu ya mwisho ya kushoto, nikaweka bisibisi chini, maana nilikuona wewe umeinama palepale ukifanya kazi ileile.

Niliandike jambo hili lote, maana sijawahi kulisema. Wakwe zangu walikuwa wanakuja kuniona kwa mara ya kwanza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kichwa kimejaa upepo, wewe kumi na mitano na mkono wa dhahabu. Baba alikuwa ameshaanza kukuachia randa. Nilikufuata karakanani nikakwambia, "Nyoosha ule mshikio kabla hawajafika, nisije nikachekwa siku yangu." Uliniuliza kama Baba amekubali. Nikasema amekubali. Nilikudanganya, Msumari. Uling'oa misumari minne, ukaunyoosha, ukaupaka nta hadi mtu asingejua kama umeguswa.

Mama akabeba chai. Hata sebuleni hakufika. Birika iliteleza mlangoni, vikombe viwili vikavunjika, naye akacheka akasema amejikwaa kwenye mkeka. Baba hakucheka. Alilitazama sinia, akatoka, akakukuta karakanani umesimama unangoja kusifiwa.

Nilikuwa dirishani. Nilisikia: "Toka. Mkono wako usiguse mbao zangu tena."

Uligeuka ukaniona. Ungeweza kusema neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa jina langu. Hukusema. Nami nilirudi kwa wageni na mtandio wangu mpya kichwani. Kesho yake Baba akaurudisha mshikio mshazari vilevile, akaziba matundu ya misumari yako kwa vumbi la mbao na gundi. Uliona. Nadhani hilo ndilo lililokukata zaidi kuliko yale maneno, kwamba afadhali kazi iliyopinda ya kwake kuliko iliyonyooka ya kwako. Miaka miwili baadaye ukaenda kujifunza umeme, na ulipokuja kumzika Baba ulisimama nje ya mlango wa karakana, hukuingia. Miaka mitatu sasa hujarudi.

Sasa sikiliza la Jumapili iliyopita.

Nilimkabidhi Mama sinia lake. Kipya kinyemi, alilishika, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya mnyororo wote kuzunguka hadi alipoanzia. Nikapanga vikombe vitatu na birika. Akabeba. Hatua mbili, upande wa kushoto ukaanza kushuka, vikombe vikakimbilia ukingoni, nikalidaka sinia na chai ikanimwagikia miguuni. Hakukuwa na mkeka. Sakafu tupu.

Nikamwambia labda skrubu hazikukazwa sawasawa, nitazikaza.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Sinia lako halina kosa."

Akavuta juu ule mkono wa gauni wa kushoto. Mimi ni fundi cherehani, Msumari. Nimepima mabega ya watu nisiowajua mtaa mzima, na mama yangu sijawahi kumpima hata siku moja. Miaka yote ananipa gauni la zamani nifuatishe, na kuniagiza mkono wa kushoto niukate mpana na mrefu, nami nakata. Na mtandio wake kila siku umekunjwa juu ya mkono huohuo. Tulidhani ni maringo yake, tena tulikuwa tukimwigiza.

Kifundo hakigeuki. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao alimpelekea Baba chai karakanani, na ubao ambao Baba aliuegemeza vibaya ukamwangukia mkononi. Waliufunga wenyewe kwa vitambaa, mfupa ukaunga upande. Mama ndiye aliyesema jambo lile lisitoke nje. Alikuwa bibi harusi, hakutaka ndugu waseme fundi amemlemaza mkewe kabla mwaka haujaisha. Baba akaapa. Halafu akamtengenezea sinia ambalo mkono ule ungeweza kulibeba, akawaacha watu wamcheke zaidi ya miaka arobaini.

Nilimwomba Mama aweke ngumi yake juu ya ukingo, pale ambapo ingekaa bila kulazimishwa. Nikapitisha chaki chini yake. Kisha nikachukua kipande cha Kombo kilichobaki, chenye mshikio wa kushoto, nikakilaza juu ya mstari. Vimelingana, mdogo wangu. Baba hakukosea hata unene wa uzi.

Kwa hiyo si kwamba alipenda kazi yake kuliko yako. Siku ile aliona mkono wa Mama umeumia mara ya pili, kwa chai ya moto, wageni ndani, kiapo mdomoni, na hasira ikatafuta mtu wa kumwangukia. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na Baba alijikwaa ulimi. Mama anasema Baba alijua kosa lake jioni ileile. Akawa anangoja uingie mwenyewe karakanani, nawe ukawa unangoja uitwe. Randa ile aliyokuachia hakumpa mtu mwingine. Nimeikuta sandukuni, imepakwa mafuta, haina kutu hata chembe. Alikuwa anaitunza, na aliyeitumia hakuwepo.

Na mimi ndiye niliyewafikisha hapo wote wawili, kwa kuona aibu mbele ya wakwe ambao, ukitaka ukweli, walinywa chai na wasingetazama mshikio hata ungekuwa na pembe. Nimemwambia Mama kwamba ni mimi niliyekutuma. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Sasa nakwambia na wewe; unajua tayari, lakini nataka ulisikie kutoka kwangu: nisamehe. Ulinibebea mzigo wangu muda mrefu mno, nami nilikuachia kwa sababu hukulalamika.

Nimeufungua mshikio wa kushoto. Matundu ya skrubu nimeyaziba kama Baba alivyoziba ya kwako, kwa vumbi la mbao na gundi. Ule ubao wa ubavuni wenye samaki wako sijaukata. Nimeuweka juu ya meza ya Baba, na randa yako kando yake. Fundi Viatu alijitolea kuumalizia mshikio, Mama akamshukuru, akamwambia una mwenyewe. Kwa sasa wageni wakija anakwenda jikoni na kurudi kikombe kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, na akiulizwa anajibu kwamba sinia lake liko kwa fundi.

Shangazi anakusalimu, anasema amesahau sura yako lakini makelele yako anayakumbuka. Fundi Viatu naye anakusalimu. Binti yangu anauliza kama kweli wewe ndiye uliyechora samaki mwenye miguu. Nimemwambia aje akuulize mwenyewe. Nisalimie wifi, na wanangu mmoja mmoja, umbusu yule wa masikio.

Mungu akulinde huko juu ya nguzo, akushushe salama kila jioni, na akufungulie njia ya kurudi kwenu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, mwenye deni la radhi kwako,

Sindano

Nimesahau jambo moja. Ule mstari wa mkono wa Mama nimeuchora kwa chaki ya kushonea, na chaki hufutika. Usikawie.