Dada Ananiomba Radhi kwa Jiko Nililolilehemu Mimi

Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na kabla sijaanza nakuomba ukae kitako, maana anayekuandikia si mtu mdogo. Mtaani kwetu naitwa Injinia. Shule niliishia darasa la sita, si kwa ujinga, mimi na mwalimu wa hesabu tulizidiana akili na ikabidi mmoja aondoke, lakini nipe debe la mafuta ya kupikia, kopo la maziwa ya unga, mkasi wa bati na nyundo, nitakutolea jiko la kuni ambalo ukilishika mpini ukatembea nalo utadhani umebeba mkoba wa bibi harusi. Nimetembea mimi. Nimepakua shehena katika bandari mbili, nimeishi nchi ya baridi ambako ukitema mate yanafika chini yameganda, na kote huko sijaona jiko linalokula vijiti vitatu likachemsha sufuria ya watu wanane kama langu. Kopo linakaa ndani ya debe, katikati unashindilia majivu, mdomo wa kuni unautoboa ubavuni, na chini kuna miguu mitatu ya chuma cha kitanda kibovu ili hewa ipite. Hiyo miguu ndiyo imenileta kwako.

Miguu ya jiko hufungwa kwa ribiti, vile vipande vifupi vya chuma unavyovipitisha kwenye tundu kisha unavigonga vichwa pande zote mbili, havitoki mpaka kiama. Sasa kikundi cha akina mama wa jirani kiliniagiza majiko kumi na moja, na mimi kwa huu mdomo wangu nikawaambia Ijumaa mje na vibiriti tu, na Jumatano ribiti zikaniishia, na muuza vyuma akasema mzigo mpya mpaka Jumatatu. Mtu mwingine angesema jamani nisubirini. Mimi ni Injinia. Kwenye sanduku nilikuwa na lehemu iliyobaki, ile ile ninayozibia ndoo na mifereji ya mvua, nikajiambia majivu yatazuia joto lisifike chini, nikalehemu miguu yote, na nikatengeneza na la kumi na mbili kama zawadi ya dada yangu. Ijumaa nikawasha kila jiko mbele yao, nikachemsha kikombe cha maji, nikapanda juu kwa mguu mmoja kama mfalme aliyeua simba, wakapiga vigelegele. Lakini moto wa kikombe kimoja, mshauri, si moto wa kutwa.

Dada yangu ni dobi. Mama alipofariki alikuwa na miaka kumi na tano, akaacha mambo ya wasichana wenzake akaanza kufua nguo za watu ili mimi nipate kula, na miaka yote hakuacha kufua, na kila aliyemletea shati lazima aoneshwe lile jiko, "Mdogo wangu huyo, mikono yake hiyo." Wiki ya tatu, saa nne asubuhi, sufuria kubwa ya maji ya kulowekea mashuka ilikuwa inatokota, naye amechuchumaa pembeni anasukuma kijiti, mguu mmoja wa jiko ukaachia. Maji yote yakammwagikia mapajani na miguuni. Yuko wodini wiki ya tano sasa. Mguu wa kushoto kidonda kinakataa kufunga, na daktari amesema hata kikifunga, kusimama kutwa kwenye beseni na pasi asahau.

Nilipopata habari sikukimbilia hospitali kwanza. Hapa ndipo ninapoona aibu kukuandikia. Nilikimbilia kwake, nikalipindua jiko, nikaona lehemu imeyeyuka imechuruzika chini ya debe kama kamasi la mtoto, nikalibeba mpaka karakana, nikaifunga miguu yote mitatu kwa ribiti, nikalirudisha pale pale uani, ndipo nikaenda kumwona mgonjwa.

Nikamkuta shemeji, mume wa dada, amesimama miguuni pa kitanda anafoka, "Si nilikwambia sufuria ile ni kubwa? Ona sasa! Umejipika mwenyewe!" Dada akaniangalia, sauti imemkauka, akasema, "Mdogo wangu, nisamehe. Nadhani nilisukuma kuni kwa nguvu. Watu wasije wakasema jiko lako ni bovu." Wodi nzima ilikuwa inanitazama, mshauri, nami nimezoea watu wakinitazama nitoe kichekesho, basi nikasema, "Usijali dada, hata ndege huanguka rubani akisinzia." Wakacheka. Mama wa kitanda cha pili alicheka mpaka akashika mshono wake. Dada naye akacheka, halafu akageukia ukutani.

Tangu siku hiyo kila nikienda ananiomba radhi. Ananiomba radhi mimi! Shemeji anamwita mzembe mbele ya wageni, wateja wake wamepeleka nguo kwingine, na mimi nakaa kwenye benchi namenya chungwa. Nikirudi karakana siwezi kukata hata bati. Sili, na mimi nilikuwa mtu wa sahani mbili. Nikilala namsikia akisema nisamehe.

Na yale kumi na moja bado yanawaka. Juzi nimepita kwa fundi cherehani, mmoja wa wale akina mama, jiko liko mlangoni, limeinama upande. Akaniita, "Injinia! Jiko lako limeanza kuchoka kama mume wangu!" Nikacheka, nikasema mpe chai litanyooka, nikaondoka haraka. Nimefikiria nizunguke niwaambie nimeleta majiko ya mtindo mpya, wanipe ya zamani niwabadilishie, hivyo niyatoe yote bila mtu kujua. Maana nikisema kweli jina limekwisha, na dada akijua nitakuwa nimemuunguza mara ya pili, kwa kuwa kitu pekee anachojivunia duniani ni mimi. Nifanyeje? Nimebaki mtupu kama debe lenyewe.

Injinia wa Madebe

Injinia,

Nimekaa kitako kama ulivyosema, na afadhali nilikaa.

Pole nakupa, maana naona unaumia, na mtu asiye na moyo asingeandika barua hii. Lakini pole yangu ni fupi kwa sababu kuna mwenye kuistahili zaidi, naye amelazwa. Hebu niambie, kile chuma cha kuyeyushia lehemu ulikipasha wapi? Kwenye jiko! Uliiona lehemu inageuka maji mbele ya macho yako kwa moto wa jiko, kisha ukaibandika kwenye jiko. Kuishiwa ribiti si dhambi. Kuogopa kuonekana umechelewa siku tatu ndiko kulikomuunguza dada yako.

Hata hilo ningeliita kosa, na kila fundi ana kosa lake. Ulichofanya uani kwa dada ni kitu kingine. Yeye anapelekwa hospitali, wewe unagonga ribiti. Ukamwacha abebe lawama pamoja na kidonda, ukamwongezea na kichekesho. Unasema anajivunia wewe. Bwana, anayemjivunia ni mtu ambaye hayupo.

Habari ya mtindo mpya iache. Ukimwambia mtu umemletea jiko zuri zaidi atakujibu, "Hili bado linanifaa, njoo mwezi ujao," na jioni atateleka. Mwambie hivi: usiliwashe, miguu inatoka, kosa ni langu. Maneno hayo hayahitaji darasa la saba. Chukua nyundo, chukua ribiti, piga mlango mmoja baada ya mwingine, anza kwa fundi cherehani, na asiyekuwepo nyumbani mngoje kizingitini. Usitume mtu. Watakutukana, wengine watakufukuza na jiko lako, na pengine hutauza tena hata kijiko. Vumilia.

Kwa dada uende kabla ya hao wote. Mkute shemeji yako yupo, kwa sababu ndiye anayemwita mzembe na ni lazima asikie kwa masikio yake. Usianze kwa safari zako wala mzaha. Sema nililehemu, nilijua, nikaficha. Akilia, kaa. Akikufukuza, toka, kesho urudi. Usimwombe msamaha siku hiyo, maana amezoea kukupa kila unachoomba na atakupa na huo kabla hajajua uzito wake. Beseni lake na pasi yake ni vyako kuanzia sasa. Waendee wateja wake, chukua mashuka yao, fua wewe.

Siwezi kukuahidi kwamba mtakuwa kama zamani. Sidhani mtakuwa. Mguu ule hautarudi, na huenda akakutazama kwa jicho usilolijua mpaka mwisho wa maisha yenu.

Na wewe msomaji, kama una jiko la debe la miguu mitatu lililotoka kwa fundi mcheshi, lizime sasa hivi, likipoa lipindue. Ukiona miguu imeshikwa kwa kitu cheupe kinachong'aa badala ya vichwa vya ribiti, usiliwashe tena, na mwambie jirani.

Naam, Injinia, nimeyachapa hayo. Jina lako sikulijua na wala silitafuti, ila majiko nisingeweza kuyaficha. Gazeti hili linafika mitaani saa kumi na mbili asubuhi, na wodini huingia na wageni wa saa saba. Kuna mtu atamsomea dada yako barua hii leo. Una saa chache za kumwambia kwa mdomo wako mwenyewe.

Vaa viatu.

Mshauri