Chui wa Mtu Mmoja

Luhwindja, 8 Septemba 2024

Kwa yaya Anaclet, kaka yangu mukubwa,

Nakusalimia kwa heshima ya wazazi wetu waliolala. Huku tuko wazima, ni goti la kushoto tu linaninyima kupanda kilima kama zamani. Wewe je, masikio? Bienfait anasema siku hizi mutu akikupigia simu unamujibu mambo aliyokuuliza juzi. Ndio maana nimeshika kalamu. Gari lake linashuka Nyawera kesho na magunia ya makaa, atakupa hii mukononi.

Yaya, nimeona chui.

Usicheke kwanza. Jana asubuhi nilishuka mutoni kukata majani ya viazi, ukungu ukianza kuinuka. Unakumbuka lile jiwe kubwa ambako mama alikuwa anaanika nguo? Alikuwa amelala juu yake kama mwenye nyumba. Aliniangalia. Kisha akasimama, hakukimbia hata kidogo, akaingia kwenye mianzi polepole kama padri anayetoka altareni.

Jioni nilisimulia kwenye shirika letu la sala, tulipomaliza rozari. Zagabe, jirani yangu wa upande wa juu, amepoteza mbuzi wawili tangu mwezi wa saba. Akaniambia mbele ya wote: "Maman Euphrasie, hao ni mbwa wa wachimba dhahabu. Chui wako labda alitoka ndani ya chupa ya kasiksi." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, ningefanya nini? Ni Rosette tu, muke wake, ambaye hakucheka.

Wewe ulifundisha habari za wanyama mpaka nywele zikawa nyeupe. Niandikie neno moja, nilionyeshe, wajue sina wazimu.

Mudogo wako,
Euphrasie


Bukavu, Nyawera, 15 Septemba 2024

Mdogo wangu Euphrasie,

Nimefurahi kuona mwandiko wako haujazeeka. Mimi ni mzima, nakula, nalala, nasoma dirishani mpaka wapagazi wa sokoni waanze kugombana, ndipo najua kumekucha. Masikio yanasikia yanachotaka. Goti lako lisuguliwe kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, na usishuke mtoni peke yako.

Sasa habari ya chui. Nimeifikiria kwa siku kadhaa kabla ya kukujibu. Chui wa mwisho ambaye watu wa kilima chetu walikuwa na hakika naye ni yule ambaye ngozi yake babu aliipeleka kwa Mwami, maana ngozi ya chui ni ya mfalme, na wakati huo baba alikuwa bado mtoto. Tangu hapo msitu umekatwa kwa ajili ya makaa, nguruwe pori na paa wameliwa na kila jeshi lililopita. Chui angekula nini miaka yote hiyo?

Nadhani uliyemwona ni mondo. Naye ni paka wa porini, ana madoa, na katika ukungu anaonekana mkubwa kuliko alivyo. Mkia ndio unaowatenganisha: wa mondo ni mfupi, wa chui ni mrefu sana. Ulikuwaje? Na unisamehe swali hili la mwalimu: ulikuwa umevaa miwani?

Mpe katekista David barua hii aisome kwenye shirika ili watu waache hofu. Nasema kwa uzito wote wa kazi niliyoifanya: kwenye kilima chetu hakuna chui.

Yaya yako anayekukumbuka,
Anaclet


Luhwindja, 29 Septemba 2024

Yaya Anaclet,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nashukuru kwa barua na kwa sabuni. Goti limepoa kidogo. Moyo ndio haujapoa.

David alisoma barua yako kwa ile sauti yake ya Injili. Alipofika mwisho, hakuna aliyecheka. Zagabe akasimama, akavua kofia: "Mumesikia Prof mwenyewe, mutu wa vitabu. Chui wa porini hayupo. Sasa huyu anayekula mbuzi zetu ni chui wa nani?"

Wote wakaniangalia mimi.

Umesahau, yaya? Mama alituambia tukiota moto, lakini wewe ulikuwa na kitabu usoni. Chui akionwa na watu wawili ni wa Mwami. Wanatuma mujumbe nyumbani kwa Mwami, na tangu hapo hakuna anayemugusa wala kumushitaki jirani. Lakini chui anayeonwa na mutu mumoja ni wa mutu huyo. Anatoka nyumbani kwake usiku na anarudi nyumbani kwake. Kabla ya barua yako nilikuwa mama muzee aliyelewa kasiksi. Sasa niko mama mwenye chui.

Mbuzi mwingine wa Zagabe amekufa. Siku ya soko nilikaa na maharagwe yangu mpaka jua likazama, hakuna aliyeuliza bei. Mutoto wa jirani nilimupa ndizi, mama yake akaja kuirudisha.

Mukia ulikuwa murefu. Ulikunjika kule mwisho kama shingo ya kibuyu. Na miwani nilikuwa nayo.

Mudogo wako,
Euphrasie


Bukavu, 3 Oktoba 2024

Mdogo wangu mpendwa,

Sikusalimii kwa urefu leo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, na Bienfait bado anasubiri hapa aondoke na jibu.

Nilitaka kuwatoa watu hofu, nikawapa mtu wa kumwogopa. Nakuomba David asome maneno haya, na haya tu:

"Ndugu zangu, mimi Anaclet niliondoka kilimani mwaka 1998. Sijakanyaga huko tena. Niliandika kwamba hakuna chui. Nilipaswa kuandika kwamba mimi sijui. Kutokujua kwangu kusiwe mzigo kichwani mwa mtu mwingine. Dada yangu alichoona amekiona."

Usitoke nje giza likiingia. Funga mlango kwa gogo. Na unijibu, hata mstari mmoja.

Yaya yako,
Anaclet


Bukavu, 20 Oktoba 2024

Euphrasie,

Uko salama? Gari la Bienfait limeshuka mara mbili bila neno lako. Mara ya kwanza alisema hakukukuta. Mara ya pili nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia aseme yote. Akasema mlango wako ulikuwa umefungwa mchana, moshi unatoka, lakini hakuna aliyeitika, na vijana waliokaa njiani walimwambia aendelee na safari yake.

Alisema pia kwamba alipokukosa alimpa David barua yangu, na David hakuisoma. Alimrudishia ikiwa imekunjwa vilevile. "Mwambie Prof anisamehe, na mimi nina watoto."

Yolande wa hapa mlango wa pili amekuwekea misa. Mimi nimekaa na ramani ya zamani ya shuleni, nimepata kilima chetu, na siwezi kukumbuka njia ya mtoni ilipita upande gani wa kanisa. Nilidhani nakumbuka kila kitu.

Andika.

Yaya yako


Luhwindja, 24 Oktoba 2024

Yaya,

Niko muzima. Naandika kwa penseli, unisamehe. Bienfait amepita nyuma, kwenye migomba, ananingoja.

Siitiki kwa sababu hawaniiti kwa jina. Wanapita barabarani wakiita "Mwenye chui, umelisha?" Mawe yametoboa bati sehemu mbili. Juzi ndama wa Zagabe alikutwa amepasuliwa koo, na sasa Zagabe hacheki wala hatanii. Amesema Jumapili ya tarehe tatu, tukimaliza ibada, kilima kizima kitakutana kwenye kiwanja cha kanisa na nitawaambia chui ninamufungia wapi. Nikikosa la kusema, watachoma nyumba. Yolande wako aongeze misa.

Usiniambie nikimbie. Najua utaniambia. Mutu akikimbia amekubali. Na nyumba hii baba aliijenga, ndiyo imebaki. Nyumba ikiachwa bila mutu, hawatahitaji hata kuichoma. Wachimbaji wataweka majembe ndani siku hiyohiyo.

Rosette alipita kisimani akaniwekea chumvi kwenye ndoo bila kuniangalia. Sijui maana yake.

Euphrasie


Bukavu, 26 Oktoba 2024

Mdogo wangu,

Sikuambii ukimbie. Sikiliza.

Jumatano nitapanda na gari la Bienfait. Utashuka na gari hilohilo. Watu wataona mtu ameingia ndani ya nyumba kabla wewe hujatoka, na aliyeingia ni mtoto wa kwanza wa baba yetu. Nyumba haitakuwa tupu. Wakiuliza, sema unakwenda kutibiwa goti na mimi nabaki kukulindia vitu. Ni kweli tupu, goti linahitaji daktari.

Ufunguo wangu ameushika Yolande. Sufuria ndogo inavuja.

Jumapili nitakwenda mimi kwenye kiwanja. Waliitaja barua yangu, basi mwenye barua ajibu.

Usijibu hii. Nakuja.

Anaclet


Luhwindja, 4 Novemba 2024

Mdogo wangu Euphrasie,

Natumaini safari haikukuchosha na Yolande anakupa uji, si maneno tu. Jumatano, Bienfait alipokuwa akijaza maji kwenye injini, tulisimama barabarani mimi na wewe kama watu wanaopokezana zamu, nami sikuwa na neno la kukuambia. Leo ninalo.

Nyumba ni nzima. Nimeziba bati. Kahawa niliyoiacha haipo, pale kuna mashimo yaliyojaa maji ya kijani. Njia ya mtoni hupita upande wa kushoto wa kanisa.

Jumapili kiwanja kilijaa. Walikuja hata wachimbaji ambao ibadani hawaonekani. Zagabe alitoa barua yangu ya Septemba mfukoni, akasoma ule mstari wa mwisho, kisha akaniuliza: "Prof, huu mwandiko ni wako?"

Nikasema ni wangu. "Niliuandika Nyawera. Niliandika habari za kilima nilichokiacha, si hiki. Jana jioni nilikaa karibu na jiwe la mama yetu, na nimemwona."

Wengine wakaguna. Zagabe akasema: "Wewe ni kaka yake. Damu moja ni jicho moja. Bado ni chui wa nyumba moja."

Mdogo wangu, hapo niliona tumekwisha. Watu walikubaliana naye, niliona vichwa. Kijana mmoja alikuwa tayari na kibiriti mkononi, anakichezea. Nikawaambia: "Basi tangu leo niiteni mimi mwenye chui, yeye mwacheni."

Ndipo Rosette akasimama, katikati ya wanawake, mtoto mgongoni. Hakupandisha sauti, na kwa masikio yangu ilibidi nisogee.

"Mimi nilimuona kabla ya Maman Euphrasie. Mwezi wa saba. Alikuwa anamuburuta mbuzi wetu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa peke yangu."

Zagabe akamwambia, "Keti, mama."

"Sitakaa. Unataka nikae na chui wangu? Tangu mwezi wa saba nalala naye."

Kisha Glody, mchimbaji, akasema bila kuinuka kwamba na yeye alimwona, kule juu kwenye mashimo. Bibi Agathe wa karibu na shule alimwona mara mbili. Na mwisho, usicheke, David katekista, macho yakiwa chini: alimwona siku ya kupalizwa mbinguni kwa Bikira, akitoka kuwapa wagonjwa Komunio, akarudi nyumbani akanywa maji na hakumwambia hata mkewe.

Kumbe kilima kizima kilikuwa na chui, kila mmoja na wake.

Zagabe alikaa chini, hapohapo kwenye nyasi. Leo asubuhi wajumbe wameondoka kwenda nyumbani kwa Mwami, na Glody ni mmoja wao. Mchana Zagabe alipita hapa, akaweka mkungu wa ndizi mlangoni. Hakuomba msamaha. Aliuliza kama utakuwa umerudi kabla maharagwe yako hayajaanza kupasukia shambani, na kama ungependa vijana wake wakuvunie. Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Sasa nikuandikie wewe peke yako, na barua hii usimwonyeshe hata Yolande. Jioni ile kwenye jiwe, kitu kirefu kilishuka kutoka juu yake kikaingia kwenye mianzi, na mianzi ikatikisika ingawa hapakuwa na upepo. Kinaweza kuwa mkia, uliokunjika mwisho kama ulivyosema. Kinaweza kuwa mzizi, na mzee aliyetaka sana kuona. Mwanafunzi angeniletea ushahidi kama huo kwenye mtihani, ningempa sifuri. Pale kiwanjani nilisema "nimemwona", na sikusita.

Urudi Jumamosi na Bienfait. Mimi nitakaa hapa kidogo, mpaka mvua ipungue, kama utanivumilia. Na kabla hujafunga mlango, angalia juu ya meza, karibu na redio. Niliondoka kwa haraka Jumatano ile nikaisahau miwani yangu. Uniletee.

Yaya yako,
Anaclet