Kompyuta Iliyojaa Pamba

Bariadi,
Jumapili mchana.

Mdogo wangu Osmund,

Tumsifu Yesu Kristu. Kabla hujageuza karatasi kutafuta aliyeandika, ni mimi dada yako Hilda, na kila neno humu nimelipiga kwa vidole vyangu mwenyewe; karani wa parokia atalitoa tu kwenye karatasi. Mguu wako umeacha kuuma, au baridi ya Mbinga bado inaukumbusha? Na kifua cha wifi yangu? Kahawa imechanua vizuri mwaka huu? Nauliza mengi kwa mpigo kwa sababu mwaka mzima maswali yangu yamepitia mkono wa mtu mwingine, na mtu anayekuandikia unaona haya kumchosha.

Unajua kwamba tangu macho yangu yaingie ukungu, barua zangu huandikwa na shemeji, mdogo wake marehemu mume wangu, ambaye naishi uani kwake. Alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa padri. Ila ana tabia ya kuongeza. Nikimwambia aandike "mimi mzima", yeye huandika "mimi mzima wa afya, ninatunzwa kwa upendo mkubwa na jamaa wa hapa". Si uongo, ananitunza. Lakini yapo mambo ambayo huwezi kumtuma mtu ayaandike juu ya nyumba yake.

Sasa nikueleze nilivyoupata mkono wangu tena. Tangu biashara ya pamba iachiwe huru, wanunuzi binafsi huja hapa msimu mmoja na magari matatu, msimu unaofuata huoni hata kibao chao. Kampuni moja ilifunga ghala lake jirani na sisi na vitu vikauzwa: viti, mizani, maturubai, na kompyuta ndogo ya kukunja kama kitabu, hiyo wanayoiita laptop. Hakuna aliyeitaka, kwa kuwa nusu ya vitufe vyake havikuandika kitu. Mimi niliitaka. Nilikwisha kuona kwa karani wa parokia kwamba mashine hizi zinaweza kukuza herufi zikawa kubwa kama punje za mahindi, na nikajiambia kwamba chenye kukuza herufi kitanifaa hata kikiwa nusu kiwete.

Niliichunguza siku tatu nikiwa nimeifunga tu, kwa kuipapasa na kuigeuza. Kwa nini kitufe hiki kiandike na jirani yake kinyamaze? Siku ya nne nikaazima bisibisi nyembamba kwa fundi saa wa sokoni, nikaketi kivulini nyuma ya nyumba. Hapo ndipo alipokuja jirani yangu Minza, mfugaji, mzaliwa wa Zagayu. Hajui kusoma, lakini macho yake hutoa jiwe kwenye mchele ambalo mimi hulijua kwa jino.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Unachinja nini?"

"Nafungua ugonjwa. Kaa hapa, nikopeshe macho."

Akakaa. Akafungua yeye, mimi nikielekeza, na kila skrubu aliyoitoa nikaiweka kwenye ungo juu ya karatasi niliyochora mahali pake. Nilikuwa na sababu. Marehemu alipokuwa akitengeneza redio alinionya mara nyingi kwamba skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi itatoboa kilicho chini yake, na hapo chombo hakiponi.

Tulipoinua ubao wa vitufe, Minza akacheka mpaka akashika mbavu. "Mwalimu, hii si mashine. Hili ni shamba!" Chini ya vitufe palijaa nyuzi za pamba, zimeshindiliwa na vumbi na kugandishwa na soda ya mtu aliyekuwa akinywa huku anaandika. Alikuwa mtu wa namna gani? Palikuwa pia na ganda la karanga na nusu ya kucha. Nilikaa na ile kucha kiganjani nikijiuliza kama mwenyewe alikuwa na haraka au hofu.

Tukasafisha kwa unyoya wa kuku uliochovywa kwenye spiriti. Kisha Minza akanionyesha utepe mwembamba unaounganisha vitufe na tumbo la mashine, ncha yake imefifia kama senti ya zamani. Nikaisugua polepole kwa kifutio cha penseli, kifutio kilekile cha darasani, mpaka ikang'aa.

Wakati huo kuku wa shemeji akaona ungo. Kuku hajui ungo wa kitu kingine ila nafaka. Akaruka ndani, akaparua mara mbili, na skrubu zangu zote na karatasi yangu vikamwagika mchangani.

Nilitaka kulia. Minza alikwishapiga magoti anaokota.

"Zilikuwa kumi na tatu," nikasema. "Lakini ipi ni ya wapi?"

"Kumi na tatu sijui. Mimi najua hawa." Akazipanga kwenye kanga yake. "Huyu ana kutu shingoni, alikuwa kona ya mlango wa waya. Hawa wawili mapacha, walikuwa pamoja mbele. Huyu mrefu alikuwa katikati, peke yake, mkorofi, alinisumbua kutoka."

"Uliwahesabu?"

"Mwalimu, ng'ombe hahesabiwi. Ukimhesabu utajua amepotea mmoja. Ukimtazama utajua nani." Akazitazama tena. "Hayupo mfupi mwenye kichwa kilichochubuka."

Tukamgeukia kuku.

"Tumchinje?" akauliza.

"Kwa skrubu moja? Shemeji ataniuliza sababu."

"Mwambie mgeni wako ni mimi."

Kuku alipona. Kona moja haina skrubu, na mashine haijali. Nyingine zote Minza alizirudisha, na mimi, niliyefundisha hesabu miaka thelathini, nilishika tochi tu.

Tulipoiwasha nikabonyeza, na vitufe vyote vikaitika isipokuwa kimoja kinachotaka kidole gumba. Nikakuza herufi. Osmund, nikasoma jina langu mwenyewe.

Kwa hiyo sasa naweza kukuambia. Mara mbili umeniuliza kama nitarudi kukaa kwenye chumba ulichonijengea karibu na makaburi ya wazee, na mara mbili shemeji ameandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba dada bado anatafakari. Sikuwa natafakari. Nataka kurudi. Hakuna aliyenitendea baya hapa. Nimekaa Bariadi miaka mingi kuliko niliyokaa kwetu, na naota kwa Kisukuma. Lakini nataka kusikia Kimatengo chetu tena kabla masikio hayajafuata macho.

Hapa nilipofika, Minza, aliyekuwa amekaa pembeni yangu akimenya karanga, ameniuliza naandika nini muda wote huu. Nikamwambia namsalimia mdogo wangu.

"Unamwambia unaondoka."

"Nani kakwambia?"

"Mwaka huu hukuniomba mbegu." Akaendelea kumenya. "Shemeji yako anajua?"

"Hajui."

"Basi usitoke hapa kama mtu aliyefukuzwa. Ulipoletwa bibi harusi ulikuja na ndugu, watu walikula, walicheza. Na kutoka, ndugu waje, wale, waseme kwa mdomo. Gunia ndilo linaloondoka na gari tu." Kisha akaniuliza kama Mbinga kuna mtu wa kunitolea mawe kwenye mchele. Nikarudi kwenye vitufe.

Nisalimie wifi yangu, shangazi yetu wa ng'ambo ya mto kama bado anatania watu, na katekista aliyenifundisha kusoma, au wanawe kama yeye hayupo. Minza anakusalimu, ingawa anasema kwanza atakuona ndipo aamue kama unastahili.

Neno la mwisho, mdogo wangu. Mwandiko wako wa kalamu sitauona, na barua yako atanisomea shemeji, kwa sauti, mbele ya nyumba nzima. Kwa hiyo usinijibu kwa barua. Kama chumba bado ni changu, nijibu kwa kuja.

Dada yako,
Hilda