Fundo la Saba la Dina

Jumapili, 1 Agosti 1954

Miguu imevimba tena. Dresa wa zahanati aliibonyeza kwa kidole, shimo likabaki. Akamtazama binti yangu Elina. Nimeelewa.

Mchana akaja Philipo, karani wa kanisa letu hapa Mitundu. Shikamoo mbili – ya kufika na ya kuomba. Kanisa jipya la matofali litafunguliwa Sabato ya tarehe 14. Wageni wa misheni watasomewa historia. Akauliza, nani alianzisha kundi la Sabato hapa? Nilikuwa bado navuta pumzi ya kujibu, yeye ameshaandika jina langu: Mwalimu Ezekieli. Akanisomea. Nikaitikia kwa kichwa!

Miaka sabini. Nimesoma shule ya Wajerumani, nimefundisha watu amri kumi. Na nikaitikia kwa kichwa.

Jumanne, 3 Agosti 1954

Nitaandika hapa kwanza. Karatasi haikunji uso.

Mwaka wa njaa, 1943. Tulikuwa kaya kumi na moja kambini, ndani ya vichaka vya Itigi, tukichimba mizizi na kutafuta asali. Humo ndimo kundi hili lilimoanzia. Hakuna kengele, hakuna mnada, hakuna gulio la kumkumbusha mtu siku. Mwenye kalenda nilikuwa mimi. Kila asubuhi nilikata siku moja kwa penseli.

Homa ikanishika. Nililala siku sita bila kujijua. Nilipoamka nikahesabu tano.

Wakati huo wote wa njaa aliyeshika kundi ni Dina, mjane, Mama Gasto. Aliongoza nyimbo. Alifundisha lesoni, somo la Biblia la kila Sabato, kwa Kinyaturu, maana Kiswahili changu wengi hawakukifuata. Alizika wawili. Mizizi aliigawa kwa kikombe kimoja, kwake akipima mwisho. Naye alikuwa na kamba ya gome yenye mafundo saba, na kijiti cha mwiba. Kila jua lilipozama alikisogeza fundo moja. Fundo la saba alilifunga kubwa, lishikike hata gizani.

Nilipotangaza Sabato yangu ya kwanza baada ya homa, Dina alikuja taratibu. Alisema, Mwalimu, Sabato ilikuwa jana, ulikuwa bado unaweweseka, sisi tumesali. Mbele ya watu! Nikamjibu kwamba kamba ya porini haiwezi kumfundisha kalenda mtu aliyesoma.

Mkono umechoka.

Jumatano, 4 Agosti 1954

Naendelea. Wiki tisa tulisali siku yangu. Dina alipumzika siku yake, na siku yangu akatwanga. Ule mchi! Mimi nahubiri, yeye anatwanga. Nikachukua rejista ya washiriki, nikapiga mstari juu ya jina lake: Ameondolewa kwa kuvunja Sabato.

Kisha akapita mtu wa reli kutoka Itigi, anatafuta nta. Akasema leo Jumatatu. Kwenye kalenda yangu ilikuwa Jumapili.

Yaani sisi, watu wa Sabato, tulisali Jumapili wiki tisa. Na mwanamke mmoja aliyeitunza Sabato, nilimfukuza kwa kuivunja.

Ningeweza kusema siku ile ile. Nikasimama nikasema, kamba ya Dina ndiyo iliyotuchanganya. Nikawaandikia misheni hivyo hivyo. Wanawake waliojua ukweli walinyamaza mbele yangu, wakaenda kusali uani kwake. Mpaka leo wanaenda. Amewafundisha kusoma, wao na watoto wao. Kila mwaka walibatizwa, na kila mwaka niliandika kwenye taarifa: matunda ya kazi ya Mwalimu Ezekieli. Dina husimama ukingoni mwa maji, ameshika nguo zao kavu.

Basi. Imeandikwa. Nimekunywa uji bakuli zima.

Ijumaa, 6 Agosti 1954

Nimemwambia Elina, akiwa anapepeta uwele. Nilitegemea machozi. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango! Ati, Baba, mlisali Jumapili? Na ulivyokuwa unawasema Walutheri! Nami nikacheka, kifua kikauma, nikaendelea kucheka. Sikujua kwamba jambo hili linachekesha. Miaka kumi na moja nimelibeba peke yangu na halina kicheko.

Kisha akarudi kwenye ungo. Akauliza, na Mama Gasto je, amewahi kucheka?

Jumapili, 8 Agosti 1954

Nilimwita Philipo, nikamsimulia. Aliweka penseli chini. Akasema, Mwalimu, tuliache hili. Wageni wanatoka mbali. Na majirani wakisikia habari ya Jumapili, tutapita wapi?

Nikasema mtapita njia ile ile, mkichekwa.

Akasema labda ni ugonjwa unaosema. Nikamwambia anihesabie siku za juma, nami nikamhesabia kinyume, kutoka ya saba mpaka ya kwanza. Hakukosea hata moja, wala mimi. Akachukua penseli, akaandika. Nimetia sahihi. Barua itasomwa kwenye baraza la kanisa.

Nimelala mchana kama mtoto aliyenyonya.

Jumatano, 11 Agosti 1954

Baraza limekaa. Mstari wangu umefutwa. Historia itaanza na jina la Dina, na kosa langu litasomwa lote, pamoja na zile wiki tisa. Elina anasema wazee wawili walinuna, na mmoja alikohoa ili asicheke.

Pumzi ni fupi lakini nyepesi. Ajabu.

Ila Philipo alikwenda kumpa Dina habari, akarudi na majibu haya: Mimi sijaomba kurudi, kwa sababu sikutoka. Tena akauliza, huyo Mwalimu ameandikia baraza, ameandikia wageni. Kwangu mimi hana mdomo?

Hana makosa. Nimejificha kwenye karatasi tena. Nimemtuma Elina: mwambie siwezi kutembea, lakini mdomo ninao.

Ijumaa, 13 Agosti 1954

Siku ya maandalio. Elina amepika vya kesho, amechota maji, amefagia. Ananipigia pasi kanzu ingawa sote tunajua sitafika.

Dina amekuja! Sijamwona kwa karibu tangu kambini. Amezeeka, ila mgongo wake umenyooka kuliko wangu. Akaniamkia, shikamoo Mwalimu. Nikashindwa kuiitikia. Nikasema, Mama Gasto, ulihesabu sawa. Mimi nilikosea, nikajua, nikakusingizia. Nisamehe.

Maneno machache hivyo! Miaka kumi na moja.

Jikoni Elina akaacha kugonga sufuria. Halafu Dina akasema kila Sabato akipita hapa alikuwa ananisikia nikikohoa, akijua kuna kitu kimekwama, wala si kikohozi. Akasema Gasto wake alikua bila kuingia kanisani, kwa sababu ya mstari wangu. Hilo, alisema, barua haikuliandika. Kweli. Sikuliandika. Naliandika sasa.

Nikamuuliza kama kesho atakwenda kukaa mbele. Alifungua upindo wa kanga, akatoa kamba. Mpya, ya katani – ya gome ilikwisha kuoza, alisema, lakini hesabu haikukatika. Akaniwekea mkononi. Kijiti kiko fundo la sita. Akasema, leo sogeza wewe.

Nikashika kijiti pale pale. Akanipiga kidogo mkononi, kama mwanafunzi. Bado, Mwalimu. Jua bado liko juu ya vichaka. Utaikosea tena?

Elina anacheka jikoni. Dina hacheki, lakini hajaondoka. Amekaa mlangoni, uso kwa magharibi. Mkono wangu mmoja unaandika, mwingine umeshika fundo. Hivi punde nitaacha kuandika, Sabato inaingia. Nangoja yeye aniambie.

Nimeuliza, tayari?

Bado, anasema.