Nusu ya Jicho la Kaa

Jumamosi, 2 Agosti
Nachambua ukindu wa kusukia mikeka tangu alfajiri. Mgongo wauma. Jumamosi ijayo watoto kumi na wawili wa madrasa watakuja barazani kwangu hapa Munje, niwafunze kutia rangi na kusuka. Nimeyataka mwenyewe. Juzi tulikwenda nao makumbusho Mombasa, tukakuta mkeka ndani ya kioo. Nikasoma kikaratasi chake herufi moja moja, nilivyofunzwa uzeeni kwenye ngumbaru: msusi hajulikani. Hajulikani! Urembo ule ni jicho la kaa, wa mama yangu, sijauona kwa mwingine. Nikapiga kelele pale pale kwamba naujua, nitawafunza. Mjukuu wangu Riziki akanishika mkono kwa fahari.
Mdomo huu.

Jumatatu, 4 Agosti
Nyekundu imeshika. Nyeusi imetoka kijivu, nimechemsha tena. Nimesuka shubiri moja, nimefumua. Nimesuka, nimefumua. Mama aliponiita nikae nijifunze, mimi nilikimbilia pwani kuokota chaza. Siujui urembo huu. Nimewadanganya watoto wa watu.

Jumatano, 6 Agosti
Leo acha niliteme jambo lenyewe. Mama alimfunza binti yangu, Mwanasiti. Siku moja nilirudi kutoka shamba nikamkuta na ukili mkononi, utepe wa ukindu anaousuka, daftari limefungwa. Mimi nilinyimwa shule. Nilikuwa nimeapa wangu atasoma. Nikaunyakua ule ukili nikautia motoni, chini ya chungu cha muhogo. Mama alikuwa papo hapo. Akakusanya ukindu wake, akaingia ndani. Hakumfunza tena mpaka tulipomzika.
Nilidhani nimeshinda. Mwanasiti alisoma, yuko mapokezi kwenye hoteli Diani. Jambo lile hatujalitaja hata siku moja.
Nilikosa. Mtoto alikuwa na mikono miwili. Angeshika vyote.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimempigia Mwanasiti simu. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia nataka jicho la kaa. Akauliza: "Ule uliouchoma, mama?"
Ndio, ule. Nimeomba radhi kwa simu, kama mtu anayeagiza samaki. Miaka yote hiyo, na nimeomba kwa sababu nina haja. Aibu. Hakusema kama atakuja.

Jumamosi, 9 Agosti
Amekuja. Amebadilishana zamu, sare ya hoteli bado mwilini. Hata hajaketi: "Huo moto umezimwa? Nisije nikachomewa tena."
Watoto walicheka bila kujua wanachekea nini. Mimi nilijua. Nilicheka, machozi yakanitoka.
Vidole vyake havikusahau. Jicho la kwanza likatimia. La pili, lenye msuko wake tofauti, likafika nusu, akasimama. "Bibi alinifikisha hapa." Akauweka ukili mapajani mwangu. Haukuwa na uzito wowote, na sikuweza kuuinua.
Sikudanganya tena. Nikawaambia watoto nani alichoma, na kwa nini. Riziki alinitazama kama mgeni. Kisha akauliza nusu iliyobaki ilikuwaje. Nikasema mkeka wa kiooni waonyesha uso tu, vidole vilipita vipi hatujui, na hatutajua. Wakainama wakasuka wanavyojua wao. Mmoja ametoa samaki anayefanana na kiatu. Nimemwambia ni kiatu kizuri sana, akanuna, nikambusu mpaka akakimbia.
Mwanasiti aliondoka na kitumbua mkononi. Hakusema amenisamehe. Mlangoni alinirekebishia leso kichwani.

Jumapili, 10 Agosti
Manyunyu asubuhi. Baraza imejaa vipande vya ukindu, nyayo zangu zimekuwa nyekundu. Watoto wamechukua kila mmoja chake. Kile cha Mwanasiti nimekitundika ukutani. Nimeandika jina la mama kwenye kikaratasi, Mwanamisi, nikakishonea chini yake. Herufi zimepinda. Riziki amelisoma kwa sauti, mara mbili.
Miyaa ambayo haikusukwa imening'inia pale alipoishia Mwanasiti. Nilishika kisu niisawazishe. Nimekirudisha jikoni.