Mapigo Matatu ya Mshangao

Morogoro, 6 Agosti 1993

Na lile jambo nililolikatisha juzi, Abasi wa gari la Mlali alipokuwa ananipigia honi nimkabidhi barua, ni hili: mashine ya kuchapa ya kazini kwa Bwana Lukasi haina alama ya mshangao!

Lakini kwanza, mume wangu Hamza, hujambo? Kifua kimeachia? Mkeo ni mzima, ila nazionea wivu nyanya za Mlali zinazokuona kila asubuhi!

Nilikagua vitufe vyote, hola. Nikakumbuka ulivyonifundisha baada ya harusi, ulipokuwa ungali karani kiwandani: piga ritifaa, ile ya ng’ombe, rudi hatua moja, piga nukta. Mapigo matatu, mshangao mmoja! Bwana Lukasi akanitazama juu ya miwani. “Binti, hayo umeyatoa wapi?” Nikasema, “Kwa mume wangu!” Nilitamani aulize tena.

Na alama hiyo sasa ndiyo biashara, mpenzi. Zamani dukani tangazo lilikuwa “Sukari haijafika.” Nukta, rudi nyumbani. Siku hizi kila mtu anafungua duka, na kila duka linataka kupiga kelele: Zimefika! Karibuni! Wahi! Bi Mwaisha, wa duka jipya la vitenge, ameagiza matangazo mia tatu, mshangao kila mstari.

Ninachoogopa ni hiki. Mwisho wa mwezi Bwana Lukasi atachagua mmoja wa kumwajiri, mimi au Magdalena, mwenye cheti cha chuo. Na mjomba wangu Ahmadi hajalegeza: “Mume yuko shamba, mke hana kazi, anakaa mjini na nani? Arudi Kinole kwa mama yake.” Kinole, Hamza! Mlima mzima katikati yetu!

Mkeo akupendaye,
Shadia


Mlali, 9 Agosti 1993

Mke wangu Shadia,

Salamu zako zimefika na vumbi lote la barabara, nikazipokea hivyohivyo. Kifua kimepona. Mama anakusalimu, anauliza kama unakula.

Mwalimu Severin wa hapa ana kitabu kikuukuu kinachoeleza habari za alama yako. Inadhaniwa kwamba waandishi wa Kilatini, wakitaka kuonyesha furaha, waliandika neno lao la kushangilia, io. Mkono ukachoka, wakaipandisha i juu ya o, na ile o ikanywea mpaka ikawa nukta. Wapo wanaobisha, lakini mimi nimeamini. Kumbe ukiipiga, unapiga kigelegele.

Sasa nisikilize. Kwenye karatasi gonga utakavyo. Matangazo mia tatu lazima yarudufiwe, na stensili, ile karatasi ya kurudufia, ni nta tu. Nukta iguse kwa ncha ya kidole. Ukiigonga inatoboa tundu, na wino unamwagika humo. Niliharibu nyingi kabla sijajua, na nilipokufundisha nikasahau kukwambia.

Mumeo,
Hamza


Morogoro, 14 Agosti 1993

Mume wangu,

Natumaini hujambo. Mimi nipo.

Barua yako ya tarehe tisa nimeipata leo. Gari la Abasi lilivunjika ekseli, likalala Mlali siku nne. Tulirudufu juzi.

Nilizigonga, Hamza. Nilikuwa na furaha, nikazigonga nukta zote kumi na mbili. Chini ya kila mshangao kukatoka doa kubwa jeusi. Bwana Lukasi akainua karatasi moja. “Binti, ulikuwa unachapa au unatwanga mahindi?” Magdalena akageukia dirishani ili asicheke mbele yangu. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe. Hakuna aliyekuja kuniita. Mjomba atashuka tarehe thelathini na moja. Nimeanza kukunja nguo.

Mkeo,
Shadia


Mlali, 16 Agosti 1993

Shadia wangu,

Hujambo? Uko peke yako? Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mshangao hata mmoja. Sikuona, na tangu hapo chakula hakipiti.

Usingoje kuitwa. Nenda na barua yangu ya tarehe tisa, umwonyeshe Bwana Lukasi kwamba kosa ni la mwalimu wako. Mwombe stensili moja tu. Ukikosea, kuna dawa ya kuzibia; paka, ipulize, ikauke, chapa upya. Nguo zikunjue.

Mumeo,
Hamza


Morogoro, 20 Agosti 1993

Hamza, Hamza, mume wangu!

U mzima? Mama je? Mwambie nakula!

Nilikwenda juzi, nikamkuta Bi Mwaisha amesimama katikati ya chumba na tangazo la Magdalena mkononi. Magdalena alifundishwa chuoni kwamba kitufe kisichokuwepo huachwa, akaacha mishangao yote. “Hili ni tangazo la duka au la msiba?” Bi Mwaisha akafoka. “Vitenge vyangu vimefariki?”

Bwana Lukasi aliisoma barua yako polepole. Kisha akanisogezea kiti. Nukta kumi na mbili nilizigusa bila kupumua. Nakala mia tatu, doa hakuna!

Lakini hajachagua mmoja. Ameamua tufanye kazi sote wawili, zamu kwa zamu. Mimi nimfundishe Magdalena mshangao, yeye anifundishe kasi. Mjomba katuma neno: “Nusu ya kazi ni kazi?” Anataka kulisikia jibu kinywani mwako, si kwenye karatasi, na nisipokuwa na wewe siku atakayoshuka najua nitalia tu.

Jumamosi ijayo ni zamu ya Magdalena. Napanda gari la Abasi kuja kukuchukua. Kabla mwezi haujaisha nitakuwa Mlali, nawe usinipokee na jembe mkononi: tutarudi wawili.

Mkeo,
Shadia