Chai ya Kopo na Chai ya Wazee wa Narung'ombe

Nachingwea Mjini,
Jumapili asubuhi

Mama yangu,

Ugonile, mama. Umeamkaje huko kwenye ukungu? Goti lako linasemaje siku hizi za baridi? Na mdogo wangu Lugano, kile kikohozi kimemwacha? Mimi huku ni mzima wa mwili. Joto limeanza, mikorosho inatoa maua, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwenye meno. Hayo ndiyo mazuri. Mengine yananichoma, ndiyo maana nimeshika kalamu. Juzi uliponipigia simu nilikukatia. Ningeendelea kusikiliza ningekupigia kelele, na wewe ni mama yangu.

Ulisema shangazi amekwambia nimefukuzwa kambini kwa wizi. Ukasema, "Rudi kwa bosi wako ukapige magoti, kazi hazipatikani." Mama, sikuiba. Na magoti sipigi. Soma kwanza, kisha useme mwenyewe kama ulizaa mwizi.

Unajua nilikuwa mpishi kwenye kambi ya wale wanaotaka kufungua shamba kubwa upande wa Narung'ombe, wilaya ya Ruangwa. Meneja wetu ametoka Dar es Salaam, kijana nadhifu, mikono laini. Ana kabati lake la chai, na ufunguo wake anatembea nao shingoni kama hirizi. Mle ndani kuna makopo madogo, mengine ya fedha, mengine yamechorwa maua. Ni chai ya wageni wakubwa tu. Alinifundisha kuipika: maji yasichemke sana, majani kidogo, sukari hapana, maziwa hapana, na kikombe chenyewe kidogo kama cha kuchezea watoto.

Siku moja alinifungulia kabati nisafishe, nafuta vumbi kwenye makopo nikasoma maandishi ya mojawapo. Chai adimu, imechumwa kwa mkono, machipukizi machanga tu, kutoka milima ya Tukuyu. Nilikaa chini, mama. Nikakuona wewe na kikapu mgongoni, vidole vyeusi kwa utomvu, unachuma hayo machipukizi tangu mimi sijaota meno. Hujawahi kuyanywa. Nyumbani tunakunywa yale majani ya vumbi ya dukani, tunayachemsha mpaka maji yawe mekundu kama matofali, tunatia tangawizi. Ninaipenda chai ile, usinielewe vibaya. Lakini nilijiuliza, hivi ni nani aliyekata shauri kwamba sisi tusionje hata siku moja?

Nikamwambia meneja, "Bosi, hii chai inatoka kwetu. Mama yangu ndiye anayeichuma." Akacheka. "Basi mwambie mama yako ahsante," akasema, akafunga kabati.

Nilimeza. Kazi ni kazi.

Halafu ikafika siku ya kikao. Walikuja wageni wawili kutoka nje, na mkalimani wao, kuonana na wazee wa kijiji kuhusu ardhi. Miongoni mwa wazee alikuwemo Bi Somoe. Huyu ni bibi mjane, Mmwera, ana mikorosho aliyoipanda na marehemu mumewe, na huyo mumewe amezikwa palepale shambani. Kampuni inataka barabara yake ipite hapo. Kwa hiyo hakuja kunywa chai, mama. Alikuja kutetea kaburi.

Wazee walitoka majumbani alfajiri, kwa miguu. Walipofika, vumbi limewajaa hadi magotini. Nikawaamkia, "Shikamooni." Wakaitikia, "Marahaba, mwanetu." Bi Somoe akanishika mkono, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tukuyu. Akasema, "Mbali huko. Na mama yupo?" Nikamwambia yupo. Akasema, "Mungu amweke."

Nikaingia jikoni. Meneja akanifuata. Akafungua kabati, akatoa lile kopo la kwetu. "Hii ya wageni," akasema. "Na hawa wazee, yale makapi ya chai ya asubuhi ya vibarua bado yapo kwenye sufuria?"

"Yapo, nilikuwa nakwenda kuyamwaga."

"Usimwage. Ongeza maji, chemsha tena. Sukari weka kidogo sana. Hawa watajuaje?"

Mama, nilihisi masikio yanawaka moto. Makapi! Makapi waliyokwisha kunywa vibarua, wapewe watu wazima walioitwa kuombwa ardhi yao! Alipotoka niliyamwaga makapi nyuma ya jiko. Nikachukua majani yangu mwenyewe niliyonunua sokoni Ruangwa, nikaponda tangawizi, nikakata mchaichai ulioota karibu na bomba, nikapika chai kama unavyopika wewe shangazi akija. Sukari nikaitia ya kutosha. Sukari hiyo ilikuwa ya kambi, ndiyo. Hiyo ndiyo shangazi anaita wizi.

Nikapeleka vyombo viwili. Birika dogo la kioo upande wa wageni, chupa kubwa ya chai upande wa wazee. Harufu ya tangawizi ikajaa pale chini ya turubai. Wazee wakaanza kunywa, nyuso zikafunguka. Mzee mmoja akasema, "Eh, hii chai!" Hata mgeni mmoja akageuza shingo, akamuuliza mkalimani wale wanakunywa nini.

Meneja akanusa. Akaja akachukua kikombe cha Bi Somoe kutoka mkononi mwake, mama, mkononi mwake, akaonja. Akanigeukia mbele ya watu wote. "Nani amekwambia utie sukari yote hii? Sukari ya kampuni unawagawia watu hawa?"

Watu hawa.

Bi Somoe alikitazama kikombe chake kikiwa mkononi mwa yule kijana. Hakupandisha sauti. Alisema, "Meneja, umetuita kutuomba ardhi, na sukari unatunyima?"

Akasimama, akakung'uta kanga yake. Mzee aliyekaa kando akaweka kikombe chini. Wa pili akaweka. Wote wakaweka, chai bado inatoa mvuke, wakainuka mmoja mmoja wakaondoka. Wageni wanauliza kuna nini, mkalimani anatazama viatu vyake. Meneja akawakimbilia wazee hadi njiani, "Wazee wangu, wazee wangu, tuelewane," lakini hakuna aliyegeuka.

Aliporudi alinitukana, matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua yako. Akasema nimeharibu kazi yote, nikusanye vitu vyangu, na kwamba atamwambia kila mtu nimeiba. Amemwambia kila mtu kweli, mpaka maneno yamemfikia shangazi huko Tukuyu.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamweleza mtu. Kabla ya kuondoka niliingia jikoni, na lile birika la kioo lilikuwa limebaki na chai nusu. Nikajimiminia, nikainywa kwa ajili yako. Nilitaka iwe mbaya, mama. Nilitaka nikuandikie kwamba ni maji ya moto yenye harufu ya nyasi, tucheke. Si mbaya. Mwanzoni husikii kitu, halafu utamu unakuja wenyewe kooni bila sukari, na harufu ni ile ya shambani kwetu umande ukiwa haujakauka. Ni nzuri sana. Nililia kwa hasira. Umeibeba mgongoni miaka yote hiyo na hakuna aliyekwambia umebeba kitu kitamu namna hiyo.

Lakini kuinywa kila siku, hapana. Asubuhi nataka chai inayonishika kifuani. Ile ya kopo ni ya mtu ambaye hana pa kwenda.

Bi Somoe ndiye aliyeniokota. Alinikuta njiani na begi langu, akaniuliza, "Amekufukuza?" Akanilaza kwake, akanipa muhogo na chai ya mchaichai. Kisha akanileta hapa Nachingwea kwa binti yake, Mwanahawa, mama wa watoto watatu, anayeuza vitumbua karibu na soko. Sasa tuko wawili. Yeye vitumbua, mimi chai. Watu wa Marambo na Ruponda wakileta mazao wanaanzia kwenye benchi letu.

Wiki iliyopita dereva wa kambi alikuja na ujumbe. Meneja anasema nirudi, wageni hawali chakula cha mpishi mpya, ila kwanza niombe radhi mbele ya wafanyakazi wote. Nikamwambia dereva, "Maliza chai yako, kaka, halafu mwambie aende Narung'ombe akamwombe radhi Bi Somoe. Mimi hanidai, na mimi simwombi."

Hajaenda. Na kijiji kimekataa barabara kupita makaburini. Kampuni imeambiwa izunguke. Mwanahawa anasema watarudi tena na maneno mengine, na mimi naamini watarudi. Bi Somoe amesema wakija atawasikiliza, ila chai atapika yeye.

Kwa hiyo mama, usiniambie tena nipige magoti. Nilinyamaza kambini nikachoka. Wewe nawe umenyamaza kwenye mizani ya chai, wanapokupunja kilo, tangu ujana, na mimi sitaki kukurithi hilo. Nichukie ukitaka, lakini usinione mwizi.

Nisalimie Lugano, mdogo wangu, mwambie asome. Nisalimie baba mdogo anayetulimia migomba, na bibi yetu kipofu, mshike mkono umwambie Sekela anamkumbuka. Mama mchungaji mpe salamu zangu na shukrani kwa maombi. Shangazi naye msalimie. Msalimie tu, mengine nitamwambia mwenyewe uso kwa uso.

Ndaga fijo, mama, kwa kunisoma mpaka hapa. Siku hizi nalala vizuri. Hasira haijaisha, lakini nalala.

Ni mimi binti yako,
Sekela